Mwandiko wa Chiriku

Jumapili, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama, hata Miwani, rafiki yangu wa darasani ambaye namwambia karibu kila kitu: mimi namwonea wivu dada yangu. Si wivu wa kugombania nguo. Ni wivu wa kuumwa. Akisifiwa mbele yangu, mdomo unajaa ukali kama nimekunywa siki, na inanibidi nijifanye natafuta kitu chini ya meza ili uso wangu usionekane.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu leo umenizidi.

Mjomba alikuja kula chakula cha mchana. Yeye ni mdogo wake Mama, na ana duka la uchapaji nyuma ya posta: kadi, mabango, vibao vya maduka, stika za chupa. Kila siku nikitoka shule napitia kwake. Vitabu vyake vyote vya herufi nimevisoma, vingine mara mbili, na tangu darasa la tano nafanya mazoezi ya mwandiko. Wiki nzima iliyopita nilikuwa nikiandika kwa mkono maneno ya bango la mwoka mikate, nikarudia na kurudia mpaka kila herufi ikasimama kama askari kwenye gwaride. Karatasi nilikuwa nazo mapajani, nasubiri Mjomba amalize kula.

Akaenda jikoni kuchukua maji. Akarudi ameshika kipande cha bahasha ambacho Dada alikuwa amekibandika kwenye jokofu. Kiliandikwa: *Mjomba, najua unakuja. Usimalize mkate. Nakuona.*

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," Dada akasema, mdomo umejaa. "Na bado nakuona."

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Akakipeleka kile kipande dirishani. "Hebu tazama hii k. Imeruka! Na hii m inatembea kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Chiriku, mwandiko wako una mwendo."

Chiriku ni jina la utani la Dada, kwa sababu hanyamazi. Mimi naitwa Kobe. Sidhani kama kuna haja ya kueleza.

Basi Mjomba anataka kuugeuza mwandiko wa Dada uwe fonti, yaani mtu yeyote akibonyeza kompyuta, maneno yatoke kana kwamba Dada ameyaandika kwa mkono wake, mbiombio, huku akisimulia kitu. Karatasi zangu alizitazama baadaye, Mama alipomkumbusha.

"Safi sana," akasema. "Safi kama hospitali."

Na alikuwa ananisifu.

Jumatano, 6 Machi

Dukani kwa Mjomba kuna meza karibu na dirisha. Fundi aliyekuwa akiikalia alihama mji mwaka jana. Mwanga unaiingilia upande wa kushoto, ndiyo sababu ukiandika kivuli cha mkono hakikuzibi. Mjomba akienda benki mimi huikalia. Hajui kwamba huwa naikalia nikiwaza nina miaka ishirini na tano.

Leo amesema hivi. Kuna mama mmoja mwenye kiwanda cha biskuti, anataka herufi mpya za pakiti, herufi zinazoonekana kama zimeandikwa na mtu wa nyumbani. Fonti ya Dada ikimpendeza, kazi zote za kiwanda zitaletwa hapa, na Mjomba atamwajiri Dada moja kwa moja. Dada alimaliza shule mwaka juzi. Ameomba kazi mpaka soli zimeisha.

"Meza ya dirishani itakuwa yako, Chiriku."

"Ina droo? Nataka mahali pa kufichia karanga."

Karanga! Hakuuliza hata mwanga unaingia upande gani.

Kisha Mjomba akanigeukia. "Kobe, nitahitaji mtu wa kuzisafisha herufi kwenye kompyuta, mtu mwenye subira. Dada yako ana mkono, wewe una jicho."

Nikasema sawa. Mimi husema sawa.

Ijumaa, 8 Machi

Dada ameanza kujaza karatasi. Zina visanduku vidogo, na kila herufi anatakiwa aiandike mara nyingi kwa kalamu nene, kubwa na ndogo, na tarakimu, na alama zote. Hatulii. Anaandika b huku anamsimulia Mjomba jinsi jirani alivyofungiwa nje na mbuzi wake mwenyewe. Mstari wa b ukapanda mlima, ukashuka.

"Dada, unatoka nje ya kisanduku."

"Kisanduku ndicho kimenikimbia."

"Tulia basi kidogo."

"Nikitulia nitalala. We Kobe, umezaliwa mzee wewe. Mama, huyu mlimwokota wapi?"

Mama alikuwa amekuja kumletea Mjomba chakula. Akacheka. Wote walicheka. Nilitazama zile b. Hakuna mbili zilizofanana, na zote zilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Mimi nikikosea, nimekosea. Yeye akikosea, anapendeza.

Jumapili, 10 Machi

Mvua zimeanza. Herufi a.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Bado a.

Alhamisi, 14 Machi

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana Miwani ameniuliza nikashindwa.

Karatasi inapigwa picha kwenye skana. Kila herufi naikata peke yake, nafuta madoa ya wino, kisha naichorea ukingo kwa vidoa vidogo ambavyo unaweza kuvivuta huku na huko. Mwandiko wa kuunganisha una mikia: mkia wa a unaotoka lazima ukutane na mkia wa herufi yoyote itakayofuata, bila kuachana na bila kugongana. Halafu kila herufi inapewa ndugu wawili au watatu, ili ukiandika "baba" zile a zisiwe mapacha. Mjomba anasema hapo ndipo fonti nyingi za mkono hujiumbua: jicho linaona a mbili zilizo sawasawa, linajua limedanganywa.

Kwa hiyo kila jioni nakaa nikizitafutia ndugu herufi za ndugu yangu. Miwani alisema hiyo ni kazi ya upendo. Nikamwambia ni kazi ya kompyuta.

Jumamosi, 23 Machi

Mjomba hakusubiri fonti ikamilike. Ameanza kuwachapia watu kwa ile ya majaribio, na mwoka mikate ndiye wa kwanza. Bango lake (lile ambalo mimi niliandika wiki nzima) limetoka kwa mwandiko wa Dada, na mifuko yake ya karatasi pia: *moto moto, shika kwa mikono miwili.* Watu wanasimama kusoma. Mtoto mmoja alikuwa anafuatisha herufi kwa kidole.

Mkate wake ni uleule wa jana. Nimeuonja.

Alhamisi, 4 Aprili

Sasa kinyozi. Na duka la maua. Na kibanda cha juisi. Nikitoka nyumbani kwenda shule, Dada ananisemesha njia nzima: *karibu ndani*, *leo tumepunguza*, *usipite bila kunusa*. Wengine wakitaka kupumzika na ndugu zao hutoka nje. Mimi nikitoka nje ndiyo nakutana naye zaidi.

Jumanne, 9 Aprili

Shule imetumia mwandiko wa Dada kwenye tangazo la siku ya maigizo. Mwalimu wa fasihi alilisoma, akatabasamu, akaniita mbele ya darasa.

"Nimesikia mwenye mwandiko huu ni dada yako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mchangamfu kweli. Tumbo moja, baba mmoja?"

Darasa zima likacheka. Hakuwa na nia mbaya. Miwani naye wakati wa mapumziko aliniomba nimwombee Dada amwandikie jina lake kwenye daftari. Nikasema Dada ana kazi nyingi. Alikuwa nyumbani, amelala.

Jumatano, 17 Aprili

Leo Mjomba amemkatalia mteja, sijawahi kuona. Mama mmoja mwenye kitambaa cheusi alitaka tangazo la kifo cha mumewe.

"Nataka ile inayocheka," akasema. "Ile ya kwenye mikate."

"Mama yangu, pole sana. Lakini ile ni ya kucheka. Nikikuandikia msiba kwayo, watu watafikiri wamealikwa harusini."

"Marehemu alipenda kucheka."

"Alipenda yeye. Wewe leo unapenda?"

Yule mama alikaza kitambaa chake, kisha akasema tumwandikie kwa zile za kawaida. Alipoondoka Mjomba akaniambia mwandiko ni kama rafiki: wa kumpeleka kwenye sherehe yuko, wa kumpeleka hospitali yuko, na si kosa la mmoja kutokuwa mwingine. Herufi kama za Dada ni za vibao, kadi, pakiti, maneno machache makubwa. Usizitumie kwa maelezo ya dawa wala kwa kitabu kizima.

Nilimwuliza, "Na mimi mwandiko wangu ni wa kupelekwa wapi?"

Simu ikalia, akaenda kuipokea.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Herufi k. Nimeinyoosha kidogo. Imependeza zaidi.

Ijumaa, 26 Aprili

Kompyuta imelalamika imejaa. Mjomba akasema, "Futa zile picha za skana, karatasi zenyewe si tunazo kwenye boksi?" Nikafuta. Faili la fonti liko moja, kila nikimaliza nahifadhi juu ya lile la jana.

Nimegundua kwamba g ya Dada inazama chini sana kuliko y. Nimezisawazisha. Na l zake zina urefu tofauti tofauti. Nimezisawazisha pia.

Ijumaa, 3 Mei

Usiku wa kuamkia leo mvua imevuja dukani, ikachagua boksi la karatasi za Dada. Wino umetiririka, karatasi zimekuwa kama mtu aliyelia na wanja. Mjomba akaguna, akazitupa. "Si kitu. Zote zimo humu," akaipiga kompyuta mgongoni kama ng'ombe.

Zimo, ndiyo.

Jumanne, 7 Mei

Nitaandika ukweli, kwa sababu humu hakuna anayesoma. Mwanzoni nilikuwa nasafisha kweli. Doa ni doa. Lakini tangu ile k, nimekuwa nikiziona herufi zake kama kitanda alichotandika mtu mwenye haraka: siwezi kupita bila kuvuta shuka. Navuta kidoa kimoja, herufi inakaa sawa, nasikia raha. Leo nimezipanga zote kwenye mstari mmoja, hakuna inayopanda wala kushuka. Nimezilaza zote upande mmoja, kwa kipimo kimoja.

Najua nafanya nini? Nadhani najua. Nikijiuliza, najijibu kwamba naisaidia. Mjomba anapita nyuma yangu na kusema, "Naona unaing'arisha," na mimi nasema sawa.

Jumatatu, 20 Mei

Leo nitaandika mengi.

Bibi Biskuti, yule mama wa kiwanda, amekuja. Hivyo ndivyo Mjomba anavyomwita akiwa hayupo. Ni mnene, ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na alikuja na biskuti zake mwenyewe akazila bila kutukaribisha. Dada alikuwa amevaa blauzi yake ya kuombea kazi, ameipiga pasi mpaka kola imesimama. Alikuwa anaongea toka mlangoni.

"Karibu mama, karibu kiti, hicho kina mguu mmoja mwongo, kaa hiki. Mvua imekuacha kweli? Hata viatu havijalowa, umekuja kwa mabawa?"

Bibi Biskuti alicheka. Nikaona kabisa: ameshampenda.

Mjomba akaweka mezani pakiti ya mfano. Iliandikwa *biskuti za maziwa*, kwa rangi ya kahawia, kubwa, kwa fonti iliyokamilika. Nilikuwa nimesimama pembeni na moyo wangu unapiga kwa kiburi, sitaki kudanganya. Ilikuwa imenyooka vizuri sana.

Bibi Biskuti akaishika. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akaacha kutafuna.

"Hii ndiyo ileile ya kwenye mifuko ya mikate?"

"Ndiyo, mama. Sasa imekamilika."

"Ile ilinichekea barabarani, mpaka nikasimamisha gari. Hii..." Akaigeuza kama atakuta zile herufi nyingine nyuma. "Hii imevaa sare. Hii inanisubiri niweke sahihi. Nani atamnunulia mtoto biskuti za namna hii, polisi?"

Mjomba akasema labda ni mashine, labda ni wino. Bibi Biskuti akasema yeye hajui mambo ya wino, anajua mambo ya kucheka. Ametupa muda mpaka Ijumaa. Vinginevyo ana mtu mwingine mjini anayemsubiri.

Akageuka kwa Dada. "Mwanangu, mdomo wako ni mchangamfu kuliko mkono wako." Akaondoka.

Dada namjua tangu nizaliwe, na sijawahi kuona amekosa jibu. Alikusanya makombo ya biskuti mezani kwa kiganja, moja moja, akaenda kuyatupa nje, kisha akatoka na kwenda nyumbani kwenye mvua bila mwavuli.

Mjomba akatoa mfuko wa mkate kwenye kapu, akaunyoosha mezani, akauweka kando ya pakiti. Alitazama muda mrefu, mfuko, pakiti, mfuko. Kisha akanitazama mimi.

"Huu si mwandiko wa Chiriku," akasema taratibu. "Huu ni mwandiko wako."

Hapa ndipo pabaya, na nitapaandika. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, nilifurahi. Mjomba ameutambua mwandiko wangu. Ameutambua bila kuambiwa, ukiwa umevishwa nguo za mtu mwingine. Nimeusubiri wakati huo tangu darasa la tano.

"Lile faili la zamani liko wapi?"

"Nilikuwa nahifadhi juu yake."

"Na karatasi nilitupa mwenyewe." Akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mwongo, kikamyumbisha, hakujali. "Kwenye mifuko na mabango kuna herufi chache tu, hazitoshi. Lazima aandike upya."

"Utamwambia?"

"Mimi? Mimi sikuzinyoosha," Mjomba akasema. "Sitasema neno. Sikufichii, lakini sitakusemea."

Jumanne, 21 Mei

Dada ameandika karatasi upya. Zimetoka mbaya.

Jumatano, 22 Mei

Zimetoka mbaya tena, na sasa najua kwa nini. Amekaa wima, ulimi kati ya meno, anatazama kila herufi kabla haijatoka. Ameona mwandiko wake kwenye kila ukuta, na sasa anajaribu kuuiga, hasa ule wa kwenye pakiti, akidhani ndio wenyewe halisi. Mkono umejua unatazamwa. Anaandika kama mimi.

"Labda ule wa mwanzo ulikuwa bahati tu," akaniambia. "Yule mama kasema kweli. Mdomo ndio nilionao."

Jioni aliosha vyombo bila kuimba. Mama akatoka chumbani. "Mbona nyumba kimya, nani kafa?" Dada akalala mapema, amegeukia ukutani.

Miaka yote nimetamani siku moja anyamaze. Nilidhani kwenye kimya chake kutakuwa na nafasi yangu. Hakuna. Ni kimya tu, kimekaa katikati ya nyumba kama kabati lililoletwa kwa makosa.

Na bado, nilipomwona Mama anamchemshia chai yeye peke yake, nilisikia ile siki. Hata akiwa amevunjika anapendwa kuliko mimi. Nimejistaajabia.

Alhamisi, 23 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa jikoni, karatasi zenye visanduku mbele yake, zote tupu. Nikafunga mlango. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu nzuri, nimeifanyia mazoezi njiani kutoka shule. Ilipotoka ilikuwa fupi.

"Si wewe. Ni mimi nilizinyoosha."

"Nini?"

"Herufi zako. Zilikuwa nzuri. Nilizinyoosha moja moja mpaka zikawa zangu. Bibi Biskuti aliukataa mwandiko wangu, siyo wako."

Nikaona inavyomwingia, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa.

"Kwa bahati mbaya?"

"Mwanzoni."

"Halafu?"

"Halafu hapana."

Kitambaa cha vyombo kikanipiga usoni, kibichi. "Siku tatu!" akapiga kelele. "Siku tatu najiona sina mkono! Nimekaa hapa nakunja ulimi kama mtoto wa chekechea, na wewe unanitazama! Mezani unanipitishia hadi chumvi!" Akatafuta kitu kingine cha kurusha, akakuta kalamu nene, na badala ya kuirusha akavuta lile gombo la karatasi ya kaki tunayojalidia madaftari, akalifungua mezani lote. "Wewe unapenda kusoma, si ndiyo? Haya, soma!"

Akaandika kubwa, haraka, akisema kila neno huku akiliandika. *Kobe ni mtu bure. Kobe ana roho ya kutu. Kobe akitabasamu maziwa yanaganda.* Alikuwa amesimama, nywele zimemfunika jicho moja, hatazami hata kalamu inakwenda wapi, ananitazama mimi. Mistari ikapanda mlima na kushuka.

Na mimi, nikiwa natiririka maji usoni, nikaona k. Ilikuwa imeruka.

Sikujua kama nilie au nifanye nini. Nikasema, "Dada, f hatuna."

"Unasema nini wewe?"

"F. Kwenye matusi yako hakuna f. Na g umeandika mara moja tu, inahitaji ndugu."

Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilidhani atanipiga kweli. Akainama. "F? Chukua f! *Fitina! Mfitini! Mfa maji!* G unataka? *Gogo! Gugu! Gunia la gubu!*"

"Na h ni moja tu."

"*Hasidi!* Una lingine?"

"Hatuna z inayoanza... ile ya 'maziwa' mkia umekatika."

"*Mzandiki! Mzushi! Zoba!*" Sauti ilikuwa imeanza kumpasuka, sijui kwa hasira au kwa kitu kingine. "Nyingine?"

"V," nikasema.

Kalamu ikasimama. Akaondoa nywele jichoni. Akaniangalia kama mtu aliyesoma neno kabla hajaliandika. Kisha akaandika, polepole kuliko yote, lakini bila kutazama kalamu: *wivu.*

"Tangu lini?" akauliza.

"Darasa la tano. Labda kabla."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema lini, Dada? Wewe ndiye unayesema."

Hakucheka. Akafunika kalamu, akaiweka mezani. "Toka," akasema. "Chukua na takataka zako."

Nikachukua lile gombo.

Ijumaa, 24 Mei

Bibi Biskuti amekubali. Alicheka kabla hajakaa. Kazi ni ya Mjomba na meza ni ya Dada, anaanza Jumatatu.

Kwangu Dada haongei. Anaongea kupitia Mama. "Mama, mwambie mwanao asogee." Mama anasema, "Mwanangu, umesikia," na kunitazama kwa macho yanayouliza, na mimi nasogea.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekatika. Haya ndiyo niliyofanya.

Alhamisi ile nilikwenda moja kwa moja dukani na lile gombo kifuani. Mjomba alilisoma lote, mstari kwa mstari, akasema tu, "Ana msamiati." Nikakata maneno kwa wembe, nikayapitisha kwenye skana. Nilichora ukingo wa kila herufi palepale wino ulipopita. Ile b ya kwenye biskuti ilitoka kwenye "mtu bure". Z imetoka kwenye "mzandiki", na w ya maziwa imetoka kwenye "wivu", maana ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Sikunyoosha hata moja. Vidole viliniwasha, nikavikalia. Hakuna mtoto atakayefungua pakiti ile akajua kwamba anasoma matusi yangu yaliyochanganywa upya.

Faili langu, lile lililonyooka, nililifuta. Mjomba aliniuliza kama nina hakika. Nilisema zile hazikuwa herufi zangu, zilikuwa za Dada nilizozifunga kamba.

Leo baada ya shule nilipita dukani kama kawaida. Dada alikuwa kwenye meza ya dirishani, mwanga unamjia kutoka kushoto, anamsimulia mteja habari za mbuzi wa jirani. Meza imempendeza. Ile siki niliionja tena, si kali kama zamani, ila niliionja. Nilisimama mlangoni, sikujua nikae wapi.

Mteja alipoondoka, Dada hakuniangalia. Aliigeuza kompyuta upande wangu.

"Z na i zinasukumana hapa," akasema. "Mimi hayo siyaoni vizuri. Zisogeze."

Nikavuta kiti. Nikaongeza nafasi kati yao, nywele moja tu, kisha nusu nywele nyingine. Herufi zenyewe sikuzigusa.